Hambaka Mbili, Mkono Mmoja

Jumatatu, 9 Septemba

Haya, naandika. Daktari wa mazoezi kule spitali kasema niandike kila siku, japo mstari mmoja, kwa mkono huu huu wa kulia uliogoma. Nikamuuliza niandike nini. "Chochote, mzee wangu." Basi chochote ndicho hiki.

Jumanne, 10 Septemba

Mwandiko wa mtoto wa chekechea. Faida yake siioni.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo ninalo la kuandika, na naliandika kwa hasira.

Bi Mwanapili kaja nyumbani. Ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha taarabu hapa Chake, na ndiye muimbaji wetu. Mie namfuata kwa gitaa tangu hajaolewa. Kaja na sahani ya vileja, kakaa barazani, kaulizia afya yangu, kamuulizia binti yetu Laila aliyeolewa Wete, kaulizia mpaka kuku. Nikajua hapa pana jambo. Mwanapili akiwa na habari njema huanza kuisema yuko njiani.

"Bwana Msellem," akasema mwishowe, "juzi mazoezini sikukusikia."

"Vyombo vibovu."

"Vya wenzio nimevisikia."

Tangu kile kiharusi cha mwezi wa Mei, mguu umerudi, ulimi umerudi (mke wangu Asma anasema umerudi na ziada), lakini vidole vya kulia havina nguvu. Mkono wa kushoto unazishika nota zote barabara. Wa kulia, ambao ndio wa kupiga, unaugusa uzi kama unaomba ruhusa. Na nikiongeza amplifaya, kinachoongezeka ni mngurumo na mluzi, kwa sababu gitaa langu ni kongwe, na zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi na kuchukua sauti zimechoka kuliko mwenyewe.

"Pumzika msimu huu wa karafuu," akasema. "Harusi ya mwanzo baada ya karafuu ni ya mtoto wa dada yangu, kule Wawi, mwezi wa Disemba. Njoo upige. Tukikusikia, kiti ni chako. Tusipokusikia..." Akaviangalia vileja.

"Na sasa hivi anakikalia nani?"

"Mwalimu Noel anakishikilia tu."

Anakishikilia! Huyu Noel ni mtu wa bara, kwao huko Kagera, anasomesha fizikia skuli. Jumapili anapiga gitaa kanisani kwao, na siku zilizobaki, kumbe, anakitia joto kiti changu. Vileja sikuvigusa. Asma kavila vyote.

Ijumaa, 13 Septemba

Kijiko kimeniponyoka tena, mbele ya wageni.

Jumapili, 15 Septemba

Karafuu zimeanza kuingia. Asma ana mikarafuu ya urithi kule Wawi, na kila jioni wachumaji wanaleta magunia, nyumba nzima inakaa chini kuchambua. Unakamata kishada, unakisokota kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Asma kanitupia rundo langu.

Nikamwambia, "Hii kazi ya wanawake na watoto."

Akasema, "Basi chagua, leo wewe ni yupi katika hao?"

Nimechambua. Pishi moja tu, na nusu yake nimeimwaga.

Jumatano, 18 Septemba

Nimejaribu ujanja. Zile sumaku za gitaa zina skrubu za kuzipandisha na kuzishusha. Nimezipandisha hadi zikakaribia kugusa nyuzi. Sauti imeongezeka, nakiri, lakini sumaku zikikaribia mno zinauvuta uzi, nota inayumba. Nimepiga wimbo mmoja mzima, Asma kauliza nani anaumwa. Nimezirudisha chini.

Jumamosi, 21 Septemba

Kaja nani? Kaja Noel! Na kilo ya sukari mkononi, utadhani kwangu kuna msiba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kiti kinakufaa?"

Akaomba alione gitaa. Nikataka kukataa, Asma keshalitoa ndani. Akaligeuza, akalipiga kidogo, akainamisha sikio kwenye zile sumaku kama daktari.

"Mzee, hizi zimeisha. Weka hambaka za nguvu."

Hambaka ni hizo hizo sumaku, ila kila moja ina makoili mawili yaliyolala sambamba, na zile za nguvu zimezungushiwa waya mwingi zaidi. Unagusa kidogo, zinatoa kikubwa, na mngurumo zinauua zenyewe. Nazijua. Ni za wale vijana wa muziki wa makelele, wanaopiga gitaa kama wanachanja kuni. Nikamwambia hivyo.

Akacheka. "Ndio hizo hizo. Kwao zinaongeza makelele, kwako zitaongeza hicho kidogo ulichonacho."

Hicho kidogo nilichonacho! Nimemsindikiza mapema.

Jumapili, 22 Septemba

Ila mtu huyu ananufaika nini mie nikisikika? Nimelifikiria suala hili tangu asubuhi, na kila jibu ninalolipata halinipendezi.

Jumanne, 24 Septemba

Nimempigia simu Jabir, mtoto wa kaka yangu, yuko Dar, nikamwambia anitafutie hambaka mbili za nguvu. Nikasema za rafiki yangu. Akasema, "Huyo rafiki yako anaendeleaje na mkono wake, ami?"

Ukoo huu hauna siri.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua ya ghafla. Karafuu mbichi huanikwa juu ya majamvi, uani, barazani, hata kando ya barabara, na zikinyeshewa zinavunda na kazi yote inapotea. Kwa hiyo hapa kwetu mtu yeyote akiliona wingu anapiga ukelele wa "Mvuaaa!", na ukiusikia huulizi karafuu za nani. Unaacha ulichoshika, unakimbia kuanua. Nimewahi kumuona mtu katoka mbio kwa kinyozi na ndevu za upande mmoja.

Mie leo nimekimbia na pembe moja ya jamvi. Nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, 4 Oktoba

Pishi mbili. Sikumwaga.

Jumatano, 9 Oktoba

Hambaka zimefika kwa boti ya jana, Asma kazifuata bandarini Mkoani. Nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani, na kila moja ina nyaya nne za rangi na mmoja uchi. Moja ya kukaa mbele, upande wa shingo ya gitaa. Nyingine, kali zaidi, ya kukaa nyuma, karibu na daraja linalozishikilia nyuzi. Mie siku zote napigia sauti ya nyuma, ile nyembamba inayopenya katikati ya fidla na kinanda. Hii ya nyuma ndiyo iliyonifanya nitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejaribu kulehemu mwenyewe. Siku zote nalehemu mwenyewe, redio za mtaa huu zimepita mikononi mwangu. Chuma cha kulehemu kikaniyumba, tone la risasi ya kulehemea likaangukia kwenye kitambaa cha meza cha Asma, kile cha harusi yake. Yetu.

Kakikunja, kakitia sandukuni. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Oktoba

Asma kasema kampigia Noel simu, atakuja Jumamosi na vifaa. Nikamuuliza kwa ruhusa ya nani. Akasema, "Ya kitambaa."

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika polepole kwa sababu mbili, ya kwanza mkono, na ya pili ni ghadhabu.

Noel kaja asubuhi na chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, na mchoro kwenye simu. Tukakaa barazani kwenye mwanga, meza ndogo katikati. Uani Asma kaanika majamvi matatu, karafuu za wiki nzima, na jua zuri ajabu. Noel akalegeza nyuzi, akafungua skrubu, akazitoa sumaku kongwe. Akaanza na hambaka ya mbele. Nilimtazama kwa makini nimkosoe, nisipate pa kuanzia. Rangi akaipeleka kwenye rangi yake, risasi ikatulia mahali pake, akapima kwa mita. Nzima. Akaiacha inaning'inia kwa nyaya zake, nje ya tundu.

Nikaanza kumpenda kidogo. Naliandika hili ili lijulikane lilikuwepo.

Akaichukua ile ya pili, ile kali, ile yangu. Akaiweka mezani kifudifudi, akamenya ncha za nyaya, akakishika chuma kimeiva. Hapo hapo jirani akapiga ukelele.

"Mvuaaa!"

Nikainua macho, wingu jeusi limesimama juu ya minazi na wala hatukulihisi. Noel, mtu wa Kagera, mtu asiye na mkarafuu hata mmoja duniani, karuka kama kachomwa mwiba. Na mie nikainuka. Tumekamata majamvi, tumekunja, tumeburuta, Asma anatuamrisha, matone ya mwanzo yanatupiga mgongoni, na karafuu zote tumeziingiza ndani hata kiganja kimoja hakikulowa. Noel anahema na anacheka. Asma anacheka. Na mie nilicheka.

Tukarudi barazani. Harufu niliyoikuta haikuwa ya mvua wala ya karafuu. Ilikuwa ya plastiki.

Chuma alikuwa amekitupa mezani, kikabingirika, kikalala juu ya hambaka yangu. Ubavu mzima umeyeyuka. Waya wa ndani, ule mwembamba kuliko unywele, umeungua na kukatika huko ulikozungushwa, hauungiki. Noel akapima upande mmoja, akapima wa pili. Sindano ya mita haikunyanyuka.

"Imekufa, Mzee," akasema.

Nilisema maneno. Siyaandiki yote. Nilimwambia arudi zake kwenye kiti, kazi aliyojia ameimaliza. Nilimwambia mtu wa fizikia hasahau chuma cha moto juu ya meza ila akiamua kukisahau. Asma akaniita jina langu kwa ukali, sikunyamaza. Noel akakusanya vitu vyake. "Nisamehe, Mzee." Akaondoka na mvua yote ile, hata mwavuli hakuomba.

Jumapili, 20 Oktoba

Makusudi. Nasema makusudi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Karafuu zinakaushwa ndani kwa feni. Gitaa limelala tumbo wazi juu ya kabati, hambaka moja inaning'inia. Jabir anasema dukani zilikuwa hizo hizo mbili tu, nyingine hajui lini. Disemba inakuja mbio.

Jumatano, 23 Oktoba

Jioni tunachambua, mie na Asma tu. Halafu kaanza yeye, macho yake kwenye makonyo.

"Baba Laila, zile karafuu tulizoanua siku ile zilikuwa za nani?"

"Si zetu."

"Mtu anayetaka kukuharibia mali yako, ukelele ukipigwa, anakimbilia mali yako?"

Nikamwambia anichagulie rundo lisilokuwa na majani mengi. Alijua nimeshindwa. Akatabasamu vile anavyotabasamu, wallahi inauma zaidi kuliko kutukanwa.

Na mie si nilikuwa pale mezani? Na mie si niliinuka nikakimbia, nisikitazame chuma? Hili Asma hakulisema. Nimejisemea mwenyewe.

Jumamosi, 26 Oktoba

Bi Mwanapili kaja tena, safari hii bila vileja, na kaanza kufoka yuko njiani.

"Mmemfanya nini Noel?"

"Kwani kafanywa nini?"

"Kanirejeshea kiti! Kasema harusi ya Wawi hapigi. Kasema mpigaji ni Msellem, yeye hakai pale tena mpaka Msellem mwenyewe aseme. Nimemuomba, nimembembeleza, kashikilia hapo hapo. Na mpigaji mwengine sina! Sasa nambie kweli, Bwana Msellem, hiyo siku utasikika au niimbe na ngoma tupu kama unyagoni?"

Nikamwambia nitasikika. Nilisema kwa sauti kubwa, maana ilikuwa uongo.

Alipoondoka nimebaki barazani nafikiri. Nilikuwa na adui mzuri kabisa, mwenye kila sababu ya kunichukia, na sasa kaniachia kiti kitupu. Nikishindwa, sishindwi peke yangu tena. Kikundi kizima kinaaibika Wawi mbele ya ukoo wa Mwanapili, na Noel kashasimama upande wangu bila ya kuniuliza. Nimeona haya kama mtoto.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimengoja kina Noel watoke kanisani. Nimechukua gitaa, hambaka iliyobaki inaning'inia nje, nimelifunga kwenye shuka, nimetembea mpaka nyumba za walimu. Noel kanikuta mlangoni kwake, yeye na shati lake la kanisani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Ikapotea yote. "Mwalimu, siku ile nilisema upuuzi. Unisamehe. Na kiti kwa nini umekiacha?"

Akanikalisha kwanza, akaleta maji. Kisha akasema, "Mzee, nyimbo zenu mimi sizijui. Nikikaa pale nafuata vile nilivyokusikia wewe ukipiga, basi. Pale ninaposahau, nanyamaza, Bi Mwanapili anadhani nimetulia kwa adabu. Wewe ukinyamaza moja kwa moja, mimi namfuata nani?"

Ya Rabi. Wiki zote hizi nimekuwa nikimuogopa mtu anayeniogopea.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilichosema ni, "Ule wa mwisho, ule mrefu, unaupiga vibaya."

"Najua!" akasema, akacheka mpaka mkewe akachungulia.

Tukaanza kazi. Hambaka iliyobaki ni ile ya mbele, isiyo kali sana, na mie nikamwambia bila ya mjadala aiweke nyuma kwenye daraja, huko ndiko sauti yangu iliko. Hakubisha. Akafunga nyuzi, akawasha kiamplifaya chake kidogo, akaishika ile hambaka kwa vidole viwili kichwa chini, akaiweka juu ya nyuzi bila ya kuzigusa, karibu na daraja.

"Piga, Mzee. Kwa nguvu yako hiyo hiyo, usijilazimishe."

Nikagusa uzi. Ikasikika. Afadhali kuliko zamani, lakini nyembamba, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Akaisogeza mbele kidogo. Nikagusa. Ikanenepa. Akaendelea kuisogeza, mie nagusa tu, uzi ule ule, kidole kile kile kibovu, na sauti inafunguka kila inavyosogea kuelekea shingoni.

"Hapa mbele uzi unapepea kwa upana," Noel akasema. "Kule nyuma umekazwa, haupepei. Wewe huna nguvu ya kuupepesha kule. Hapa unajipepesha wenyewe."

Na kweli, nilipouhamisha mkono nikapigia huko mbele, uzi ulikuwa laini, kidole hakikuuma. Nikapiga nota tatu za mwanzo za ule wimbo mrefu. Zikajaa chumba. Gilasi ya maji mezani ikalia.

Nikasema, "Iweke mbele."

Miaka yote nimewacheka wanaopigia mbele. Nimewaita wapigaji wa usingizini. Mwenyezi Mungu anisamehe, na wao pia wanisamehe, wengi wameshatangulia.

Jumanne, 29 Oktoba

Noel kaja kuifunga vizuri. Mvua ikanyemelea tena. Kabla hajainuka nimekichomoa chuma ukutani kwa mkono wangu. Tumeanua, tumerudi, tumekichomeka, tumemaliza. Tundu la nyuma tumeliziba kwa sumaku kongwe, haina waya, imekaa tu. Gitaa linapendeza. Mngurumo hakuna. Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu Mei.

Jumatatu, 4 Novemba

Mazoezi. Kidole gumba kinachoka haraka, lakini kikichoka bado kinasikika. Hilo ndilo jipya.

Jumamosi, 9 Novemba

Pishi nne kabla ya magharibi. Asma kanambia nimekuwa mchambuaji wa kuajiriwa. Daktari kaniminya vidole leo, kaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia makonyo. Kaandika kwenye faili.

Jumatano, 13 Novemba

Noel kaja, nikamfundisha ule wimbo wa mwisho kama unavyotakiwa. Anakimbilia mno. Nikamwambia, "Yakhe, mngoje mwanamke amalize kulalamika, ndio ujibu." Akasema huko kwao wanaume hawajibu kabisa. Asma alicheka akiwa jikoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Mkono umekuwa mzito tangu alfajiri. Sijapiga. Naogopa hata kuandika kwamba naogopa.

Jumanne, 19 Novemba

Ulikuwa uchovu tu. Alhamdulillah. Nimepiga mpaka jirani kagonga ukuta, nikamuomba radhi kwa furaha kubwa.

Ijumaa, 29 Novemba

Karafuu za mwisho zimepelekwa kituo cha kununulia karafuu, zimechukuliwa zote daraja la juu. Asma kajinunulia kitambaa cha meza.

Ijumaa, 6 Disemba

Kesho.

Jumapili, 8 Disemba

Jana sikuandika, mkono ulikuwa na kazi nyingine. Naandika leo, yote, kwa mpangilio, na mwandiko naona umenyooka.

Tulifika Wawi baada ya adhuhuri. Hema limefungwa uani, viti vimejaa wanawake, mafuta mazuri na udi vinapambana na harufu ya pilau. Noel alikuja nasi. Alibeba amplifaya, akachomeka nyaya, kisha akataka kwenda kukaa na wageni. Nikamwambia akae nyuma yangu. Sikumwambia kwa nini. Alijua.

Kiti changu nilikikuta kitupu, nikakikalia. Bi Mwanapili alikuwa kashavaa, kashajipamba, mbele kabisa na kipaza sauti chake. Hakunitazama. Nilimuelewa. Mie mwenyewe nisingejitazama.

Fidla ikaanza, kinanda kikaingia, na wakati wangu ukafika. Kule nyuma kwenye daraja mkono ulitaka kwenda wenyewe, kwa mazoea. Nikauvuta mbele, nikaugusa uzi. Nguvu yangu ni ile ile, ndogo, ya mtu aliyetoka kuumwa. Ikatoka sauti ambayo sikuitegemea. Nene, safi, ikapita juu ya fidla, ikapita juu ya vichwa vya wageni, ikaenda kugonga ukuta wa nyumba ya pili na kurudi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaacha kutafuna. Nikagusa tena. Nikasahau kidole, nikasahau Mei, nikasahau spitali. Nilikuwa napiga.

Noel nyuma yangu namsikia anasema, polepole, kwa Kihaya sijui kwa Kiswahili, neno moja tu nisilolisikia vizuri, tena na tena.

Mwanapili akaanza ubeti wa kwanza. Nikamjibu. Ubeti wa pili, nikamjibu, na raha ikanipanda kichwani, vidole navyo vimeona mlango uko wazi, vikaingia vyote. Katikati ya ubeti wa tatu akasita. Akageuka mzima mzima, kipaza sauti bado kiko mdomoni, wanawake wote wa Wawi wanamsikia, akanikazia macho.

"Msellem! Punguza, mwanamme wee! Sijisikii!"

Uani pakavunjika kwa kicheko na vigelegele. Nilimuona Asma kasimama katikati ya viti, kajiziba uso kwa ncha ya buibui, mabega yanamtikisika, sijui analia sijui anacheka. Mie nilikuwa nafanya vyote viwili. Nikakishika kitufe cha sauti, kwa mkono huu huu wa kulia, nikakizungusha chini kama nilivyoamrishwa mbele za watu.

Nilikizungusha kidogo tu.